Si kila chombo kilichopata ajali kimezama

Ndugu Mhariri,

Chombo kikipata ajali ziwani au baharini, ukurasa wenu wa mbele una kitenzi kimoja tu: kimezama. Kivuko kikilala ubavu, kimezama. Jahazi likipanda mwamba na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikabaki juu ya maji mpaka kesho yake, limezama. Tishali likikatika kamba na kusukumwa ufukweni, nalo limezama. Sisi ambao kazi yetu ni vyombo huzisoma habari hizo mara mbili mbili tukitafuta kilichotokea hasa, na aghalabu hatukipati.

Tuanze na kupinduka na kuzama, maana hapo ndipo uhai wa watu ulipo. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ilipinduka ikitokea Bugolora, ilipokuwa imebakiza kipande kidogo kufika gati la Bwisya kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Lakini chombo chenyewe hakikwenda chini. Kilibaki juu ya maji, tumbo likiangalia mbingu. Siku mbili baadaye, Septemba 22, fundi wa mitambo alitolewa humo ndani akiwa hai. Fudikiza bilauri kwenye ndoo ya maji utaona sababu: hewa iliyomo haina pa kutokea, inabaki imefungiwa juu, na maji yanaishia njiani. Hewa hiyo ndiyo inayokiweka chombo juu, na ndiyo anayoivuta aliyenaswa ndani.

Sasa rudini kwenye MV Bukoba, Mei 21, 1996. Nayo ilipinduka karibu na Mwanza, ikaelea kifudifudi. Chuma kilipotobolewa ili watu watolewe, hewa ilitoka kwa kasi na maji yakaingia pale ilipokuwa. Hapo ndipo ilipozama. Kati ya kupinduka na kuzama kulikuwa na muda, na katika muda huo kulikuwa na watu hai. Gazeti linaloandika "ilizama" kwa matukio yote mawili limeufuta muda huo. Waokoaji waliofunzwa hawakati chuma kabla chombo hakijafungwa maboya ya hewa ubavuni au kushikwa na kreni, na ikibidi hewa husukumwa ndani kwanza kwa kompresa. Mwanakijiji mwenye mtumbwi, ambaye ndiye hufika kabla ya yeyote, anapaswa kulijua hilo kutoka gazetini: kilichopinduka kigongwe kwa jiwe, kisikilizwe, kisitobolewe.

Kuna pia kuzamishwa. Meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita Liemba ilikuwa meli ya Wajerumani, Goetzen, na mwaka 1916 mafundi wake wenyewe waliipaka mitambo grisi nzito, wakaizamisha kusudi isitekwe. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927, na grisi ile ndiyo iliyoikinga mitambo na kutu. Kuzama na kuzamishwa: silabi moja ya Kiswahili inatofautisha ajali na uamuzi. Hakuna haja ya kuitupa.

Kupanda mwamba na kupwelewa navyo si kitu kimoja. Aliyepanda mwamba amegonga, na swali la kwanza ni kama mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, au ubao wa chini umepasuka. Aliyepwelewa ameachwa na maji yaliyokupwa, na chombo chake huenda ni kizima kabisa; majahazi hupwelewa makusudi kila mara ili yalazwe, yakwanguliwe na kupakwa deheni, mafuta ya kuzuia maji. Kwa aliyepwelewa bila kutaka, swali ni siku gani ya mwezi. Unguja, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na maji mafu, yale ya nusu mwezi, hayafiki nusu ya hapo. Ukikwama wakati wa maji mafu, kila siku inayokuja maji yanaongezeka na utaelea mwenyewe. Ukikwama kileleni mwa bamvua, kesho maji yatakuwa pungufu na keshokutwa pungufu zaidi, na utakaa hapo wiki mbili usipopunguza shehena. Mnaikumbuka Ever Given, meli ya mita 400 iliyoziba mfereji wa Suez kuanzia Machi 23, 2021. Dunia nzima ilitazama matagi, boti za kuvuta meli, yakivuta na mchanga ukichimbwa, lakini iling'oka Machi 29, siku moja baada ya mwezi mpevu. Mvuvi wa Jambiani angewaambia tarehe hiyo mapema bila kompyuta.

La pili ni chanzo. Habari nyingi huishia kwenye "kuzidisha abiria" au "upepo mkali", kana kwamba uzito tu au upepo tu hupindua chombo. Chukueni abiria 100 wa kilo 65 kila mmoja: ni tani 6.5. Wakikaa sitaha ya chini, ni tani 6.5 chini. Wakipanda juu kupunga hewa, uzito wa chombo haujaongezeka hata kilo, lakini kitovu cha uzito kimepanda, na chombo kimelegea. Wakikimbilia upande mmoja kuona gati, uzito umehama. Ndiyo maana kivuko kinaweza kupinduka maji yakiwa yametulia na nchi kavu ikionekana, kama Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994, watu 272 walipokufa karibu kabisa na ufuko. Mwandishi aulize walikuwa wangapi, ndiyo, lakini aulize pia walikuwa wapi.

Hapa tunalo neno letu ambalo siasa imelinyang'anya bahari: mrama. Leo mambo ya chama yanakwenda mrama, bei ya mahindi inakwenda mrama, na watu wamesahau kwamba mrama ni kule chombo kuyumba ubavu huu na huu. Na mrama hupimika kwa saa ya mkononi. Kivuko chenye upana wa mita 8 kilichopakiwa vizuri huinama kulia, kikaenda kushoto na kurudi kulia kwa sekunde 6 hivi. Kikianza kuchukua sekunde 12 kwa safari hiyo hiyo, uthabiti wake, yaani nguvu yake ya kurudi wima, haujabaki nusu. Umebaki robo, kwa sababu muda ukizidi mara mbili uthabiti hugawanyika kwa nne. Abiria hupenda mrama wa polepole kwa kuwa hauwatapishi. Baharia anauogopa. Kikiinama na kukawia pale mwisho kana kwamba kinafikiri kama kirudi au kisirudi, watu washushwe sitaha ya chini, wakae, na nahodha atafute maji ya kujikinga. Manusura wa ajali hukumbuka vizuri sana jinsi chombo kilivyoyumba kabla. Hakuna anayewauliza.

Neno jingine ni ngama. Methali ya "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", tezi ikiwa sehemu ya nyuma ya chombo, inatungiwa insha darasani, lakini kwenye habari za bahari ngama inakuwa "sehemu ya chini ya meli" au, siku hizi, "bilji". Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji yote yanayovuja hukusanyika, na ndipo yanapofuliwa, yaani kutekwa na kumwagwa nje, kwa upo kwenye jahazi na kwa pampu kwenye meli. Umuhimu wake si kwamba maji ni mazito. Maji yanatembea. Beba ndoo iliyojaa kichwani, utafika; beba maji yale yale kwenye sinia, hufiki mlangoni. Chombo kikiinama kidogo, maji yaliyotandaa hukimbilia upande ule ule, yanakiongezea kuinama, na hapo yanapata njia ya kukimbia zaidi. Ndiyo sababu matangi hugawanywa kwa ukuta wa katikati unaotoka omo hadi tezi: ukuta mmoja tu hupunguza madhara hayo hadi robo. Sitaha ya magari haina ukuta huo. Herald of Free Enterprise, feri ya Uingereza, ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 6, 1987, mlango wa omo ukiwa wazi. Maji yalitandaa kwenye sitaha ya magari na meli ikalala ubavu kwa dakika moja na nusu hivi, watu 193 wakafa. Nayo haikuzama, ilijilaza kwenye fungu la mchanga, nusu ikiwa juu ya maji.

Tani. Hapa hata maafisa hujichanganya, kwa hiyo hatuwalaumu waandishi peke yao. Kuna tani tatu. Ya kwanza ni uzito wa chombo chenyewe pamoja na vilivyomo, ambao ni sawa na uzito wa maji yanayosukumwa na tumbo lake. Ya pili ni uzito ambao chombo kinaweza kubeba: shehena, mafuta, maji ya kunywa, vyakula, watu. Ya tatu, inayoandikwa kwenye cheti cha usajili, haina uhusiano na mizani yoyote, ni ujazo. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969, ulioanza kutumika 1982, hupimwa nafasi yote iliyofungwa ndani ya chombo kwa mita za ujazo, kisha huzidishwa kwa namba inayokua kidogo kidogo kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa. Meli yenye mita za ujazo 10,000 huzidishwa kwa 0.28, nayo inaandikwa 2,800. Hiyo 2,800 haimaanishi inabeba tani 2,800 za saruji. Ikipakiwa hivyo kwa kuamini cheti, inaweza kwenda chini ikiwa bado gatini. Kikisemwa chombo kinabeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, hapo tani ni uzito na habari imekamilika. Kikisemwa tu ni "meli ya tani 3,000", rudini mkaulize: tani za nini?

Kwa kontena, hesabu ni ya futi 20, yaani urefu wa mita 6.06. Kontena moja la futi 40 ni mawili katika hesabu hiyo. Meli "ya kontena 2,000" inaweza kushusha masanduku 1,000 tu na hakuna aliyeiba.

Mwendo wa chombo ni noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1,852, si 1,609 ya barabarani. Saa imo ndani ya neno, kwa hiyo "noti 12 kwa saa" ni sawa na kusema "kilomita 12 kwa saa kwa saa". Dar es Salaam hadi Unguja ni maili za baharini 40 hivi. Boti la mwendokasi likitumia saa 2 limekwenda wastani wa noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa. Upepo mnaoupata kwenye tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa umeshaandikwa kwa kilomita kwa saa, uacheni hivyo hivyo. Msiugeuze kuwa noti bila kugawa kwa 1.852, kwa maana upepo wa kilomita 40 kwa saa ni noti 22 tu, na upepo wa noti 40 hakuna ngalawa inayopaswa kuwa nje.

"Meli kubwa yatia nanga bandarini" ni kichwa cha habari kinachopendwa, na picha chini yake inaonyesha meli imefungwa kamba gatini. Iliyofungwa gati imefunga gati. Iliyotia nanga iko nje, nangani, inangoja zamu, na kila siku ya kungoja ina mtu anayeilipia. Tofauti hiyo ni habari ya biashara nzima. Na kama nanga ndiyo mada, ulizeni mnyororo ulilazwa kiasi gani. Kinachoshika si uzito wa chuma peke yake. Mnyororo unatakiwa uwe mrefu mara 3 hadi 5 ya kina cha maji ili kipande chake cha mwisho kilale chini ya bahari na nanga ivutwe kwa mlalo, ikijichimbia. Ukiwa mfupi, kila wimbi linainyanyua nanga kwa juu na kuing'oa. Boti dogo linalotumia amari ya kamba badala ya mnyororo linahitaji mara 7. Chombo kilichokokota nanga usiku hadi mwambani kwa kawaida kilipewa amari fupi jioni, upepo ukiwa umelala.

Rubani amehamia angani na hatumdai arudi, lakini bandarini bado yupo. Ni yule anayeifuata meli nje kwa boti, akapanda kwa ngazi ya kamba, akamwongoza nahodha mlangoni mwa bandari kwa kuwa anaijua mikondo na mafungu ya hapo. Hata rubani akiwa ndani, nahodha ndiye mwenye amri ya meli. Na anayeshika usukani ni mtu wa tatu, baharia anayetii amri. Mnapoandika "rubani wa meli ashikiliwa na polisi" sisi hatujui ni nani kati ya watatu amekamatwa, na kisheria kila mmoja anajibu jambo lake.

Katika migongano, honi. Shahidi huwaambia "ilipiga honi tatu kutuonya", nanyi mnaandika hivyo. Honi tatu fupi, kila moja ya sekunde moja hivi, si onyo. Moja ni "nageukia kulia", mbili ni "nageukia kushoto", tatu ni "mitambo yangu inarudisha nyuma", na tano au zaidi ni "sikuelewi unafanya nini". Kwa hiyo shahidi huyo, bila kujua, amewapa ushahidi kwamba nahodha alikwisha kujaribu kusimamisha chombo. Taa nazo zinasema: nyekundu ni ubavu wa kushoto, kijani ni wa kulia, ukiwa umesimama tezi na uso wako omo. Mvuvi akiona zote mbili kwa pamoja, meli inamjia yeye.

Kulia na kushoto havihamishiki. Tunasisitiza kwa sababu tumeona tafsiri zinazoweka joshi na demani badala yake. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Jahazi likigeuza, foromali, ile boriti inayoshika tanga, ikapitishwa mbele ya mlingoti na tanga likashika upepo wa upande mwingine, joshi imekuwa demani. "Iligongwa upande wa joshi" ni taarifa nzuri tu, ila lazima iandamane na upepo ulitoka wapi.

Mwisho ni mitambo. "Injini ilizimika ghafla wakati wa dhoruba" huandikwa kama bahati mbaya. Haina bahati. Chini ya tangi la dizeli hukaa maji na tope la miezi. Bahari ikiwa shwari vinalala, mrama ukianza vinavurugika na kwenda moja kwa moja kwenye filta. Filta ikiziba injini inakosa mafuta, inavuta hewa, inazima, na haiwaki tena mpaka hewa itolewe kuanzia pampu ya mkono hadi kwenye naiza zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Kazi hiyo ni ya dakika 15 gatini. Kwenye mawimbi, chombo kisicho na nguvu hugeuka chenyewe na kuwapa mawimbi ubavu, na tumerudi kwenye mrama na kupinduka. Swali la kumuuliza mwenye chombo ni lini tangi lilifunguliwa koki ya chini na kumwagwa maji.

Na msiwatishe abiria kwa kuandika "ilionekana ikivuja" pale inapotoka shafti ya propela. Glendi ya pakingi, kizibo kinachoizunguka shafti pale inapotoka nje, inatakiwa idondoshe tone moja moja shafti ikizunguka. Maji hayo ndiyo yanayoipoza. Fundi mwoga, au aliyesomewa gazeti, huikaza mpaka pasidondoke kitu. Baada ya saa moja ukiigusa inaunguza, pakingi inaungua na kuwa ngumu kama mkaa, shafti inachimbika mfereji, na kuanzia hapo maji yanaingia kwa mkupuo na hakuna nati itakayoyazuia. Hukazwa robo ya mzunguko au pungufu, nati hii kisha ile, ukasubiri dakika kadhaa injini ikifanya kazi, ukahesabu matone tena. Mwandishi akiyaona, ahesabu naye: tone kila sekunde chache, aachane nayo; mchirizi, amwite fundi.

Wasomaji wenu,
Mafundi na mabaharia,
Malindi, Unguja